KUKU WA CELESTINA: KIKAO CHA CHAMA CHA MIKOPO CHA WACHUUZI WADOGO, ARUA

Tarehe: Jumamosi, 15 Juni 1974
Mahali: Stoo ya Bw. Ambroise, nyuma ya soko

Waliohudhuria: Bw. Sule (Mwenyekiti), Bw. Ambroise (Mweka Hazina), Bi. Ayikoru (Mjumbe), Bi. Candiru (Katibu)
Asiyehudhuria: Bw. Nasur, msibani Logiri. Ni msiba wake wa nne mwaka huu.
Mwalikwa: Bi. Celestina wa Onduparaka, mwombaji

KUMB. NA. 1/6/74: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na nusu kwa kusema amechoka. Hakuna aliyempinga.

KUMB. NA. 2/6/74: OMBI LA BI. CELESTINA
Katibu alikumbusha kwamba mwombaji alitoka Sudan, na wenzake waliporudi kwao yeye alibaki. Anauza mayai. Benki haimtaki, na chama hiki kiliundwa kwa ajili ya watu kama yeye. Anaomba mkopo wa kujenga banda. Dhamana ni kuku wasiopungua kumi, nao huhesabiwa nyumbani kwa mwombaji.

Mweka Hazina alieleza kwamba hesabu ya kwanza ilikuta kuku kumi na wawili. Yeye hakuwapo, akataka ajionee. Wakakutwa kumi na mmoja. Kamati iliingiwa na shaka, ikarudi mara ya tatu, ikakuta kumi. Juzi jirani alileta habari kwamba wamebaki tisa. Mweka Hazina alisema, "Huyu mama hajui kuchunga mali. Kuku inapotea kila siku."

Bi. Celestina alijibu, "Kuku hapana potea. Kuku iko kwa tumbo yenu. Munakuja mara tatu, mimi nachinja mara tatu. Mugeni anakuja, mimi nampa maji tu?"

Bi. Ayikoru, ambaye hajawahi kwenda huko, alicheka mpaka akaombwa kuacha. Katibu, aliyekula mara zote tatu, aliona aibu na anaomba iandikwe.

Katibu alipendekeza kila aliyekula arudishe kuku. Mweka Hazina alisema chama kikimpa mwombaji kuku, hiyo ni hongo. Hoja haikuungwa mkono.

Bi. Celestina alisema, "Basi. Mimi nachoka na nyinyi," akaondoka.

Iliazimiwa: mkopo usitolewe. Akifikisha kuku kumi, kamati itakwenda kuhesabu.

KUMB. NA. 3/6/74: KUFUNGA
Hapakuwa na mengineyo, wala nguvu ya mengineyo. Watu walitawanyika saa kumi.

Sule, Mwenyekiti (sahihi)
Candiru, Katibu (sahihi)

Nyongeza ya Katibu, Jumatatu 17 Juni: Jana nilipeleka Onduparaka tetea mmoja, wangu mwenyewe, si wa chama. Sasa wapo kumi. Naomba safari hii kamati iwahesabu ikiwa imesimama barabarani.