Mulango ya Dushi Ilianguka Mama Mukwe Akiwa Ndani: Nichague Pomeli Gani?

Mama Emérita mupenzi wetu wa redio,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, na tafazali usicheke kwanza, soma mupaka mwisho njo ucheke, kwa sababu mi hapa Kirolirwe sina tena raha, bibi yangu ananinyamazia, majirani wakiniona ku kisima wanaziba midomo, na hii yote ni kwa sababu ya mulango.

Mi naitwa Honoré, niko mulimaji wa maharagi, niko na ngombe kidogo na mbuzi, na bibi yangu Mapendo ni mutoto wa Itebero, kule Walikale ndani ya pori. Alizala mutoto wetu wa kwanza, musichana, na mama yake, Mama Valérie, akatoka kule mbali, kwa miguu kisha kwa pikipiki, ili akuye kumusaidia, na mutoto tunataka kumupatia jina la huyu koko yake siku ya batizo, yenye iko siku ya Mungu, Jumapili inayokuya. Sasa unajua, kwa bantu ba kwabo heshima ya mukwe na mama mukwe si muchezo, mi hata mukono simupatii, tukikutana mu njia mi naingia mu maharagi, yeye anapita, yeye anakulia mu nyumba, mi nakulia inje, njo nikasema huyu mama hawezi koga mu ile kinyumba yetu ya zamani yenye kufungwa na gunia, nikamujengea dushi mupya nyuma ya nyumba, ya mbao, na mulango ya kweli kweli.

Papa Léonard, fundi wetu wa mbao, alinichongea mulango na akaniletea pomeli, zile chuma mbili mbili zenye kushikilia mulango, wengine wanasema bawaba, akaniambia: "Ngoja nirudie toka Masisi, nitakuwekea mi mwenyewe. Na kama unajaribu peke yako, kumbuka, pomeli iko na dume na jike, usizichanganye." Mi sikungoja. Nikaangalia ile dume iko na kijiti cha chuma, jike iko na tundu, nikajiambia hii haiombe masomo, mwanaume njo kichwa ya nyumba, basi dume ikae juu na jike ikae chini. Nikapigilia dume kwenye kadre, ile mbao ya kuzunguka mulango, kijiti ikiangalia chini, na jike kwenye mulango, ikiipokea kwa chini. Na iliingia muzuri! Mapendo akaniuliza, "Honoré, mbona mulango inakwaruza udongo?" Nikamujibu mulango yenye kukwaruza njo nzito, na yenye iko nzito njo ya nguvu.

Sasa mvua ikanyesha, ile yetu ya Masisi yenye haiulizi, udongo wa chini ya mulango ukaenda nayo. Kesho yake muchana, jua kali, Mama Valérie akaingia koga na mi sikujua, naapa, nilikuwa napita na majani ya mbuzi, na mulango ikalia krrr, ikashuka, ikajichomoa, ikalala puu! mbele ya miguu yangu. Naye huyo, amesimama, sabuni mupaka mu macho. Sikuona kintu, Mama Emérita! Povu tu! Nikafunika uso na majani, nikakimbia kinyumenyume, nikaangukia miti ya maharagi, yeye anapiga kelele, "Yoo! Yoo! Mukwe ameniua!" na majirani wakakuya na fimbo wakizani ni mwizi.

Alivaa, akapanda pikipiki, akaenda Masisi kwa dada yake, na aliacha neno: mu nyumba isiyo na mulango harudie, batizo tufanye bila yeye. Mapendo naye anasema bila mama yake hakuna batizo, mutoto hawezi kupewa jina ya koko na koko mwenyewe amefukuzwa na mulango.

Na sasa kila muntu amekuwa fundi. Jirani ananiambia nikate mupira ya gari, mwingine nikate ngozi ya ngombe, baba mukwe ametuma neno toka Itebero eti kamba ya pori njo haidanganye, na muchuruzi ananionesha pomeli nyembamba zenye kungaa sawa pete. Na si dushi tu, niko tena na kinyumba ya mbuzi na ile yenye tunawekamo fromaji, jibini ya ngombe wetu, milango yote imechoka, nataka kubadilisha zote mara moja ili haya ingine isinipate. Nichague gani yenye kudumu? Na mbuzi ya kufuta haya, yenye desturi inaomba nimupatie mama mukwe, nimutumie leo leo ao ningoje? Nisaidie, Mama, batizo iko karibu na nyumba imekuwa baridi.

Honoré, Kirolirwe

MAMA EMÉRITA ANAJIBU

Honoré mutoto wangu, pole. Uliniomba nisicheke kwanza, nimeshindwa. Nimecheka mupaka chai ikatokea puani. Kisha nikamukumbuka yule mama, mugeni mu nyumba ya bintiye, sabuni mu macho, hajui kama avute kitenge ao apanguse uso, na kicheko ikaisha, hasira ikanishika. Wazee walisema muficha uchi hazai, lakini hakuna muzee mwenye alisema tumufunue mama mukwe muchana!

Kosa yako haikuanzia kwenye chuma. Ilianzia mu hiyo kichwa yenye unasema njo kichwa ya nyumba. Dume ya pomeli inafungwa kwenye kadre, ndiyo, lakini kijiti inaangalia juu, na jike ya mulango inakuya kukaa juu yake. Umesikia? Jike njo inakaa juu, dume iko chini inabeba. Wewe uliitundika miguu juu, ikawa haishike kintu, na mulango yako ilikuwa inasimama kwa udongo tu, sawa mulevi mwenye kuegemea ukuta. Bibi yako alisikia inakwaruza, akakuambia kwa upole, na wewe ukamuhubiria. Fundi alikuambia ungoje, ukaona kungoja ni ya wanawake. Sasa unaona nani anangoja.

Tuache hiyo, tuingie kazi. Kwa dushi usinunue zile za kungaa sawa pete, hizo ni za kabati ya vikombe, maji yatazikula kabla ya mutoto kutambaa. Tafuta chuma nene, yenye ukiifinya na mukono haipinde, na weke tatu kwa mulango, si mbili, kwa sababu dushi inalowa kila siku na mbao yenye kulowa iko na uzito. Ufunge na vise ndefu, zile za kukazwa kwa kuzungusha. Misumari hapana! Mbao yetu ya kaliptusi inakatwa mbichi, ikikauka inatema musumari sawa mutoto anatema dawa. Paka rangi kwenye chuma, paka grese mu tundu, na chini ya mulango acha nafasi ya kidole na umwage changarawe. Mulango inapashwa kuning'inia, haipashwe kusimama.

Kwa mbuzi, chukua pomeli za mukono murefu, zenye kulala juu ya mbao, na uzifunge na bulo za nati, zenye kutokea upande wa pili. Mbuzi haombe ruhusa, anapiga na kichwa, kila asubuhi, kwa furaha yake. Ngozi ya ngombe unaijua mwenyewe: imbwa atamushukuru Mungu. Mupira ya gari si mubaya, lakini inalegea, iweke kwa mulango ya kuku.

Na kwa fromaji, hapo umuheshimu baba mukwe wako. Ile nyumba iko na maji ya chumvi na maji ya maziwa siku zote, chuma yoyote utaweka mule, hata nene, itaoza na kudondosha kutu juu ya chakula. Kamba ya pori haiogope chumvi. Fanya mulango nyepesi, ifunge na kamba yake, ikichoka unafunga ingine. Na umutumie neno kwamba ulifuata shauri lake, kwa sababu sasa kule Itebero unahitaji rafiki hata mumoja.

Mbuzi ya kufuta haya usitume leo. Utafuta haya gani na mulango ingali chini? Utatoa mbuzi kila mvua mupaka zizi ibaki na harufu tu. Papa Léonard amesharudi, ao bado? Kama bado, mufuate Masisi kwa miguu yako, umuombe samahani, ukuye naye. Yeye afunge, wewe umushikilie mulango, na unyamaze. Ile mbuzi mutaikula pamoja siku ya batizo, na kipande ya kwanza ipelekwe kwa koko.

Kisha, wakati fundi amemaliza, wewe njo wa kwanza koga mule. Usitume mutoto ya jirani, usimwage maji tu na kusema imefanya. Uvue nguo, upake sabuni mupaka mu macho, saa bantu banapita kuenda soko, na Mapendo asimame inje aitingishe hiyo mulango na hasira yake yote, na anayo ya kutosha. Kama unaogopa kutoa shati, usiite muntu, rudilia kazi. Lakini kama umetoka mule umetakata na hakuna mwenye amekuona, mupandishe Mapendo pikipiki, mutoto mu mugongo, aende Masisi. Asibebe zawadi, asihubiri. Amuambie tu: "Mama, Honoré amekoga mule, na mi njo nilitingisha." Atajaribu kukaza uso, hataweza, atacheka, na ataomba kitenge yake ya kusafiri.