Ukungu wa Upande wa Kulia

Mnarani, 6 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku msituni sote ni wazima, upepo tu ndio unatuonea. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama je?

Barua hii isome peke yako, mama usimsomee. Darubini yangu ya kazi, ile ya mabomba mawili ninayotazamia moto wa msitu, ina ukungu upande wa kulia. Asubuhi naona hadi vitawi. Ikifika saa sita, kulia ni kama nimewekewa kitambaa chembamba. Nikizungusha gurudumu la katikati kulia kunakuwa safi, lakini hapo hapo kushoto kunaharibika. Juzi niliona moshi, nikapiga simu, wazima moto wakaenda na gari la maji hadi ng'ambo ya kilima. Kumbe ni vumbi la lori la mbao. Mkuu wetu hakufoka. Aliniuliza tu kama ninalala vizuri.

Mjomba, mama naye alianza na jicho la kulia kabla ya kupofuka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mimi naitimiza mwezi wa nane. Wewe ndiye fundi wa lenzi. Niambie ni darubini.

Mpwa wako

13 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo wenyewe ndio huo, tumezoeana. Mama yako hajambo. Jana tumebishana kuhusu redio na kanishinda.

Unataka nikuambie ni darubini. Siwezi, na sababu uijue. Mama yako alipoanza kulalamika, mimi ndiye niliyemwambia, "Dada, ni miwani hiyo." Nikabadilisha lenzi, nikakaza fremu, nikabadilisha tena. Mwaka mzima. Alipofika kwa daktari akaambiwa amechelewa. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo pima. Saa ya ukungu ikifika, egemeza darubini dirishani, utazame kitu kimoja cha mbali kisichotikisika. Ziba bomba la kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi. Baada ya hapo usiguse kitu. Geuza darubini, upande wa juu uwe chini, ili bomba la kulia lije kwenye jicho la kushoto. Tazama tena. Ukungu ukihamia jicho la kushoto, mgonjwa ni darubini. Ukibaki jicho la kulia, panda gari siku hiyo hiyo. Nitakupeleka kwa daktari mwenyewe.

Mjomba wako

1 Julai

Mpwa wangu,

Hujambo? Nimepiga simu kituoni kwenu, karani kasema upo kazini na barua uliisaini kuipokea. Basi najua kinachokuzuia. Sikugombezi, mimi nilikimbia mwaka mzima. Ila jicho halisubiri mtu apate moyo. Mama yako kauliza mbona huandiki, nikasingizia posta. Hakuniamini.

Mjomba wako

8 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa sare siku zote hizo. Naweka darubini dirishani, naishusha. Leo kuna mawingu, kesho kuna upepo. Nikaanza kufumba jicho moja moja mbele ya kalenda ya ukutani, na kwa hofu niliyokuwa nayo kila kitu kilikuwa na ukungu, hadi sauti ya mpishi.

Jana saa saba nikachagua nguzo ya simu kule kileleni. Kushoto safi. Nikageuza. Kwa jicho la kulia nikaona waya, nikaona vile vikombe vyeupe vya juu ya nguzo, kimoja kimevunjika ukingo. Ukungu ulikuwa kushoto. Nikageuza, ukarudi kulia. Niligeuza mara tisa, mpaka mwenzangu wa zamu akauliza, "Unakaanga samaki?" Nikakaa sakafuni nikalia. Kaniletea maji.

Ndipo nikashika ile pete iliyo kwenye bomba la kulia, ya kurekebisha upande huo peke yake. Inazunguka yenyewe kama kizibo kilichochakaa. Kila asubuhi naiweka sawa kwa mazoea, halafu nikipanda na kushuka ngazi inasuguana na koti na kuhama kidogo kidogo, ndiyo maana asubuhi nilikuwa naona. Nimeibana kwa plasta, na kutwa nzima sijaona ukungu. Nakutumia darubini uitengeneze, nimeazima nyingine. Mkuu nimemweleza. Kasema angependelea ningemwambia mapema.

Mpwa wako

18 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Darubini imefika. Pete ile inashikwa na skrubu tatu ndogo: mbili zimelegea, ya tatu haipo. Nimeweka mpya, na grisi nzito kidogo. Sasa inakaa pale unapoiweka. Daktari bado utamwona, nimeshakuandikisha wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Usibishe.

Mama yako nimemsomea barua zote. Ulinikataza, najua. Alisikiliza hadi mwisho, akaiomba darubini. Akaipapasa, akaizungusha pete kwa kidole gumba, akaigeuza juu chini kama ulivyofanya wewe.

"Kwa hiyo mtoto anaona?"

"Anaona, dada. Hadi kikombe kilichovunjika ukingo."

Akaniambia nimsomee tena ile sehemu ya nguzo, polepole. Nimemsomea mara nne. Kisha tukafunga duka langu la miwani mapema, saa nane mchana, tukaenda kutembea.

Mjomba wako