Milioni Kumi na Tisa na Shingo ya Sefa

*Barua hii ilinifikia wiki ya kwanza ya Machi. Nilimjibu mwandishi kwa posta ya haraka bila kuichapa, kwa sababu haikuwa halali mji mzima uisome kabla ya wenyewe kuzungumza. Sasa wahusika wote wameniruhusu. Majina si yao.*

Bi Hester,

Sijawahi kuliandikia gazeti hata mara moja, na mke wangu Norma akijua nimekaa kukuandikia wewe ambaye huwa namcheka akisoma safu yako, atanisema mpaka Krismasi, lakini nimekwama na zimebaki siku nane, kwa hiyo nakuomba unisikilize na unijibu upesi.

Mimi ni kocha wa ukuta katika timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wetu. Wasiofuata mpira waambie hivi, ukuta ni wale majitu watano wanaosimama mbele ya mrushaji kumkinga asifikiwe, hawashiki mpira, hawafungi, hakuna anayenunua jezi zao isipokuwa mama zao, ila siku wakikosea ndipo mji mzima unayajua majina yao. Aliye muhimu kuliko wote ni wa kushoto, maana mrushaji wetu Roark hurusha kwa mkono wa kulia, na akigeuka kurusha, kushoto kunakuwa mgongoni kwake na haoni kinachomjia. Huyo wa kushoto wetu ni Sefa, Msamoa toka visiwa vya Pasifiki, ana miaka thelathini na tatu, kilo mia na hamsini, na nimemfundisha miaka tisa tangu alipokuja hapa hajui hata kufukua theluji mlangoni kwake.

Sasa mkataba wa Sefa unasema akiwa bado yuko nasi tarehe kumi na tano Machi, analipwa dola milioni kumi na tisa za msimu ujao, acheze asicheze. Ligi imeweka kikomo cha mishahara ya timu nzima, kwa hiyo hela hiyo ikienda kwake haiendi kwa mwingine, na ndiyo maana redioni hawana hadithi nyingine tangu Januari, na hata pale ninapokunywa kahawa asubuhi siwezi kumaliza chapati zangu za maji. Juzi mzee mmoja alinipigia kelele toka meza ya tatu, "Kocha! Milioni kumi na tisa za kusukumana? Mimi namsukuma mke wangu dukani bure!" Mwingine akamjibu, "Nyamaza wewe, msimu uliopita Sefa alipokaa nje mechi mbili, Roark aliangushwa mara tisa, akavunjika mfupa wa bega. Unataka tumzike kabisa?" Nikalipa nikatoka.

Meneja wetu mkuu, Bwana Pruitt, si mtu mbaya, ila anaogopa. Aliniita akasema, "Wewe ndiye unamjua kuliko sisi sote. Niandikie ukurasa mmoja. Abaki au aende. Utakaloandika ndilo nitakalompelekea mwenye timu." Nilidhani ningeuandika ukurasa huo kwa dakika tano.

Bi Hester, hapa ndipo penye donge. Mwishoni mwa Januari nilialikwa kwa Sefa, binti yake mdogo alikuwa anatimiza miaka sita, nyumba imejaa watu na nguruwe wa kuchoma na viazi vya kwao vya tui la nazi, na yule mtoto akaja kwa baba yake kufungiwa vifungo vya gauni mgongoni. Nikamwona Sefa anahangaika. Vidole vya mkono wa kushoto havikushika. Alijaribu, akajaribu tena, akacheka, akamwambia mtoto, "Nenda kwa mama, mikono ya baba ina mafuta." Haikuwa na mafuta. Nilikuwa nimekaa karibu naye, niliiona.

Nikamfuata gereji. Nikamwuliza, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Sefa, usinifanye mjinga."

Akakaa juu ya boksi la vifaa, akaniambia tangu Novemba, aligongwa kichwa kikarudi nyuma, akasikia moto ukishuka toka shingoni mpaka kwenye kucha, na tangu siku hiyo ganzi inakuja na kuondoka, siku nyingine ni vidole viwili, siku nyingine mkono mzima, na akienda kwa madaktari wa timu hukunja ngumi kabla hajaingia ili damu itembee, wanampima, anapita. Nikamwuliza kama Lupe mkewe anajua. Akasema hapana. Kisha akanishika mkono kwa ule mkono wake wa kulia, Bi Hester, akasema, "Kocha, sijawahi kukuomba kitu. Nyamaza mpaka tarehe kumi na tano tu. Ikishapita, nikianguka ni shauri langu."

Nikasema sawa. Nilisema sawa!

Tangu siku hiyo nameza vidonge vya kiungulia kama karanga. Nikiandika abaki, namlipisha mwenye timu milioni kumi na tisa kwa mtu ambaye najua ana kasoro, na mbaya zaidi namrudisha uwanjani agongwe tena pale pale. Nikiandika aende, nitatoa sababu gani, maana kwa mpira Sefa bado ni bora kuliko yeyote tunayeweza kumpata, na nikitaja shingo nimemsaliti mtu aliyeniamini na hakuna timu nyingine itakayomgusa. Na Roark naye alinisubiri kwenye maegesho, bega bado linamsumbua, akasema, "Kocha, mimi siingilii mambo ya pesa, lakini nakuomba usiniondolee Sefa. Akiwa pale sisikii hofu. Asipokuwepo nasikiliza nyayo nyuma yangu badala ya kuangalia mpira." Kijana ana miaka ishirini na nne, anasema hivyo macho yamemtoka.

Na nikiri yote, kwa kuwa nimeshaanza. Mkataba wangu mwenyewe unaisha baada ya msimu ujao. Nina miaka hamsini na minane. Ukuta ukibomoka bila Sefa, wa kwanza kufukuzwa ni mimi, na sijui kazi nyingine. Kwa hiyo kila nikiwaza kumnyamazia kwa ajili ya urafiki, nasikia sauti nyingine inaniambia, unanyamaza kwa ajili ya tumbo lako. Sijui tena ipi ni ipi.

Norma ameniuliza mara tatu nina nini. Nimemwambia ni kiungulia. Niambie Bi Hester, abaki au aende?

*Kocha wa Ukuta*

Bi Hester anajibu:

Kocha, pole. Umebeba mzigo ambao si wa mtu mmoja, na kwa mtu aliyezoea kunicheka umeandika vizuri. Sasa kaa sawa nikuseme.

Umeniletea kurasa nne za mkataba, kikomo cha mishahara, redio na tumbo lako. Shingo ya mtu umeipa aya moja. Ningekuwa mama yake Sefa ningekufuata huko huko na mwiko. Unafundisha watu namna ya kugongana vichwa miaka yote hii, na hujui moto ukishuka toka shingoni mpaka kwenye kucha maana yake nini? Unajua. Ndiyo maana kiungulia hakikuachi.

Swali la abaki au aende nitakujibu, maana nami naangalia mpira. Kama shingo ni nzima, mbakisheni, na mwenye timu aache kulia. Mlinzi wa kushoto mzuri ni ghali, lakini mrushaji aliyelala hospitali ni ghali zaidi, na wale wanaopiga kelele kwenye kahawa ndio watakaokuwa wa kwanza kukuzomea Oktoba. Kama shingo si nzima, basi hata angecheza kwa chakula tu bado angekuwa amewagharimu kupita kiasi. Hiyo hesabu haihitaji ukurasa. Inahitaji daktari. Nawe hujui jibu, Bwana Pruitt hajui, na Sefa mwenyewe hajui, kwa sababu anaogopa kujua.

Ulimwahidi kunyamaza. Ulikosea. Hutarekebisha kosa hilo kwa kumzunguka na kwenda kumsema ofisini. Utarudi kwake.

Nenda kesho, mchana, Lupe akiwepo. Usimwite gereji. Huyo mwanamke ndiye atakayemlisha kwa kijiko mambo yakiharibika, ana haki ya kusikia. Mwambie Sefa maneno haya: "Nilikuahidi kitu ambacho sikupaswa kukuahidi, na siwezi kukitimiza." Usijieleze sana. Mpe siku nne aende kwa daktari wa shingo asiyelipwa na timu. Kabla hajamwambia mtu yeyote ofisini, azungumze na chama chao cha wachezaji. Mimi si mwanasheria, lakini nimeandikiwa na wachimba makaa ya mawe na madereva wa malori miaka ishirini na mbili, na kila mara aliyeumia kazini akaficha jeraha ndiye aliyeondoka mikono mitupu. Siku nne zikipita hajaenda, utakwenda kwa daktari wa timu mwenyewe, na utamwambia Sefa mapema kwamba utakwenda.

Roark mwambie ukweli mmoja tu: kwamba utamfundisha yeyote atakayesimama kushoto kwake kana kwamba ni mwanao.

Kuhusu kazi yako, sitakudanganya, unaweza kuipoteza. Sauti zote mbili unazozisikia ni zako, acha kuzichambua. Utakapokuwa umefanya la haki haitakuwa na maana ipi ilisema kwanza.

Na leo jioni, kabla hujala, mwambie Norma.

Barua ya pili, Agosti:

Bi Hester,

Nilimwambia Norma. Hakucheka. Alivaa koti akasema, "Twende wote," nikamwambia ngoja mpaka kesho mchana, akalivua.

Sefa alinisikiliza mpaka mwisho amesimama. Lupe alikuwa anakunja nguo kwenye kochi, akaacha. Akamwuliza mumewe, "Novemba? Tangu Novemba unanibebea watoto ngazini na mkono huo?" Sefa alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini sana, "Toka nyumbani kwangu." Nimemfundisha miaka tisa, sijawahi kumwogopa ila siku ile. Norma alinishika kiwiko tukatoka.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Sikula, nilikuwa naangalia simu kama kijana aliyeachwa. Siku ya tatu alasiri akapiga Lupe, akasema wako Cleveland, wamepiga picha za shingo, na daktari amewaonyesha mahali uti wa mgongo ulipobanwa mpaka umebaki mwembamba kama uzi. Daktari alimwuliza Sefa amecheza mechi ngapi hivyo. Sefa akasema tisa. Daktari, Lupe anasema, aliweka kalamu chini, akasema, "Wewe ungeweza kuishia kitandani katika yoyote kati ya hizo tisa."

Wakaenda chama cha wachezaji, kisha ofisini kwa Bwana Pruitt pamoja na mwanasheria. Mimi niliandika ukurasa wangu ukawa mistari mitatu, kwamba Sefa ndiye bora niliyewahi kumfundisha, kwamba asicheze tena, na kwamba alipwe kwa kuwa aliumia akitufanyia kazi. Na nikaongeza kwamba mimi nilijua tangu Januari. Bwana Pruitt aliusoma mbele yangu, akavua miwani. "Huu wa mwisho hukulazimika kuuandika," akasema. Nikasema najua. Walimwacha kabla ya tarehe kumi na tano, wakabishana juu ya fidia yake wiki tano, mwisho wakamlipa milioni saba. Kumi na mbili zimepotea, na redioni wananiita Yuda kwa sababu wamesikia tu kwamba kocha ndiye aliyesema. Kuhusu mkataba wangu, mpaka leo hakuna aliyeniambia neno.

Walimpasua shingo Mei. Anatembea, anaendesha gari, vidole vimerudi isipokuwa kidogo cha mwisho. Mahali pake nina kijana toka jimbo la Iowa, mpole kupita kiasi, na Roark bado anasikiliza nyayo. Kila siku nabaki na huyo kijana saa moja baada ya wengine kuoga.

Sefa hakunisemesha miezi mitano. Nilimwandikia mara mbili, hakujibu, sikumlaumu.

Jana nilikuwa napanda gari baada ya mazoezi, simu ikalia, nikaona jina lake. Nikapokea. Nikasikia anapumua.

"Kocha."

"Naam, Sefa."

"Nimekuwa nikiangalia mazoezi yenu kwenye televisheni."

"Ndiyo."

"Huyo mtoto wako wa Iowa anaweka mguu wa nyuma vibaya. Atamuua Roark."

"Najua. Nimemwambia mara mia."

"Hukumwambia vizuri." Nyuma yake nikamsikia Lupe anasema kitu. "Sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani."

"Sidhani."

"Mlete Jumapili. Saa saba mchana. Tutakula, halafu nitamfundisha uani." Akakata.

Nilikaa ndani ya gari, injini haijawashwa, mpaka askari wa getini akaja kugonga kioo kuniuliza kama niko salama.