Mguu Uliovimba Haukandwi

"Damu iliyoganda mguuni ikikandwa kwa maji moto huyeyuka," amekwambia shangazi yako huko Maramba kuhusu mguu wako uliovimba. Mjukuu wangu Saumu, sisi wa Makorora hatujambo, ila hilo nalikataa katakata. Mwili wenyewe huyeyusha bonge la damu, tena huliyeyusha polepole, kidonda kisije kikafunguka upya. Bonge likikandwa huweza kubanduka likaziba mapafu.

Dada yangu alipojifungua, mguu wake mmoja ulivimba. Mkandaji akamcheka: "Mwanamke gani wewe, umeweza kuzaa, unalilia mguu?" Akamkanda. Dada hakufika jioni. Kichanga aliyemwacha ndiye mama yako.

Saumu, na wewe mumewe: mwageni hayo maji moto, mwende hospitali sasa hivi. Shangazi akinuna, anune.

Bibi yako mdogo