Neno Dominate na Jeneza la Msikiti

Rafiki yangu Hamadi,

Jeneza lilikuwepo. Juma, shemeji yako, alipokuja kuliomba asubuhi ile uliyokufa, nilimwambia limeazimwa kijiji cha pili. Uongo. Lilikuwa chumbani mwa msikiti, na ufunguo ninao miye. Nimekukosea, nimemkosea na Bi Asha mkeo, na sina pa kuanzia ila hapo.

Wakakuchukua kwa kitanda chako cha kamba. Walikupitisha mbele ya nyumba yangu. Miye niko nyuma ya mlango, nasikia vijana wanaambiana, "Inua upande wa kichwa, kitanda kinapinda." Sikutoka. Wala makaburini sikufika, miye niliyekula nawe sahani moja tangu udogoni.

Sababu unaijua, siasa. Weye na chama chako, miye na changu. Hapa Gando siku hizi watu hawauziani hata chumvi. Lakini nisijifiche nyuma ya chama, chama hakikunituma. Nilitaka Juma anibembeleze. Nilitaka aombe mara ya pili, mbele ya watu, ndipo nilitoe. Yeye akasema, "Haya, bwana," akaenda zake.

Unakumbuka darasa letu la Kiingereza la jioni, kule Wete? Tulipofika kwenye dominate, mwalimu alieleza kwamba mti mkubwa una-dominate midogo iliyo chini yake. Miye nikaandika pembeni: kutawala. Weye ukakataa. Ukasema kutawala hata mtu mwema anatawala, hili ni kumkalia mtu kichwani. Mwalimu akasema linatumika kotekote, kwa mti, kwa timu ya mpira inayowachezea wenzake, kwa mtu anayesema peke yake barazani wengine wasipate nafasi. Hapo ukanigeukia: "Basi huyo wa mwisho ni weye, Faki." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Njiani tukirudi ukaniambia taratibu, "Mti haujui kama unawaziba wenzake jua. Mtu anajua."

Nilikuona mjuaji tu. Sasa nikitaka kulitungia neno lile sentensi, siipati ila ya asubuhi ile. Nilijua, Hamadi. Juma kasimama mbele yangu, macho mekundu, na miye najua ninalolifanya, tena linanipendeza.

Wenzangu wa chama walinipa mkono, "Umewakomesha." Siku mbili tatu nilijiona mtu. Sasa nimechoka. Barazani nikisema hapana anayenipinga, na mazungumzo yanakufa papo hapo. Weye ndiye uliyekuwa ukinikatiza. Mke wangu aliniuliza mara moja tu: "Maiti naye ana chama?" Akaendelea kukuna nazi. Tangu hapo hajanitajia jina lako. Chakula ananiwekea vizuri vilevile, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Ningekwenda kwa Bi Asha siku ileile, lakini yumo edani, haonani na wanaume wa kando, na miye si maharimu wake. Nikafikiri nimtume mtu. Nikaona huko ni kuikimbia aibu.

Basi ni hivi. Ijumaa hii, baada ya sala, watu hawajatoka, nitasimama niseme jeneza lilikuwemo na miye ndiye niliyelizuia. Watakaocheka wacheke, wa kwenu na wa kwetu. Ufunguo nitampa Juma palepale, akae nao yeye. Kisha nitamwomba anipeleke kwenu, nisimame nje ya ua, nimwombe Bi Asha radhi kwa sauti ya kumfikia alipo. Najijua. Akinyamaza, nitataka kuendelea kusema mpaka anijibu, nimsimamie pale mpaka achoke aseme nimekusamehe.

Mola akupanulie kaburi, ndugu yangu, akupe utulivu ambao siye huku juu hatuna. Ijumaa nitasema mara moja. Akinijibu, nitasikiliza. Akinyamaza, nitamwachia kimya chake, nirudi nyumbani.

Faki