Mikono ya Bwana Koti

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka na Bwana Koti! Jina lake halisi silijui na sitaki kulijua. Ni yule mrithi wa kampuni kwenye tamthilia ya Kikorea inayoonyeshwa saa kumi jioni, saluni yangu ikiwa imejaa. Koti refu hadi magotini. Ndani ya nyumba, koti. Kwenye gari, koti. Anamtazama babu yake hospitalini – koti! Na uso ni mmoja tu. Akikasirika, uso ule ule. Akipenda, ule ule. Leo eti kalia machozi, kwa jicho moja! La pili lilikuwa na shughuli zake.

Wateja wakaguna kwa huruma. Mwalimu wa hesabu, kichwa nusu kimesukwa, akafuta machozi kwa taulo langu. Nikasema huyu hajui kuigiza, anajua kusimama. Nusura wanifukuze kwenye saluni yangu mwenyewe! Mdogo wangu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: dada huna moyo wewe.

Anayejua kuigiza ni yule mama wa msichana, muuza supu. Anaonekana dakika mbili, anamenya vitunguu, hasemi neno, na unajua kabisa kwamba hajala tangu asubuhi. Lakini nani anamtazama? Hana koti.

Alhamisi, 6 Machi

Kamkamata tena mkono! Msichana anaondoka zake, amekasirika na ana haki. Bwana Koti anamfuata, anamdaka kifundo cha mkono, anamgeuza kama anafungua mlango. Muziki unaanza. Msichana anasema niache. Yeye anazidi kukaza, muziki nao unazidi. Saluni nzima: uuuwii! Halafu eti: "Nimekushika kwa sababu niliogopa utaondoka." Mwalimu akashika kifua.

Na daktari wa mifugo je? Yule mpole, anayemwomba msichana ruhusa kabla hata ya kumfunika mwavuli? Kasimama pembeni, ananyeshewa. Tamthilia zao zote ziko hivyo. Mwenye adabu ananyeshewa, mshenzi anapigiwa muziki.

Nikasema kwa sauti: mtu akinikamata hivyo, namchoma na kitana hiki cha mkia wa chuma. Mdogo wangu akajibu, ndiyo maana dada hajaolewa mpaka leo. Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, kwa meno tu.

Yeye anaolewa mwezi ujao. Mchumba wake anampitia kila jioni na gari lake linalong'aa. Wateja wamembatiza Bwana Koti wa Pili, na jina limemkaa. Keshanunua na koti lenyewe, joto lote hili!

Ijumaa, 7 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Sisi tunasuka wawili kichwa kimoja. Mimi kushoto, mdogo wangu kulia, tunakutana katikati. Ndiyo maana kwetu mteja hakai kutwa nzima. Leo mchumba kaingia, kasema twende. Mdogo wangu: subiri kidogo, imebaki mistari michache. Hakusubiri! Kamdaka kifundo cha mkono, kamnyanyua kwenye stuli. Stuli ikaanguka.

Saluni ikapiga makofi. Makofi! Mwalimu akapaza sauti: jamani, kama kwenye TV! Mdogo wangu naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Nilikiona kile kicheko, kilitafuta njia ya kutokea.

Upande wa kulia nikaumaliza peke yangu. Baadaye nikampigia mama. Kaniambia niache kumwonea kijicho mdogo wangu. Kijicho! Mimi! Nimtamani yule, aliyevaa koti kwenye jua?

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi tuliyemsuka Jumamosi karudi. Upande wa kushoto umetulia, wa kulia umelegea, misuko inachomoka yenyewe. Si yeye wa kwanza. Jana pia alikuja mtu analalamika, upande ule ule wa kulia.

Nikampasha mdogo wangu mbele ya watu. Macho kwenye TV, mikono imelala! Unasuka nywele au unazibembeleza? Hapa pana jina langu mlangoni!

Nilisubiri anijibu. Yule hanyamazi, tangu mtoto akiambiwa moja anarudisha tatu. Akasema tu, samahani dada, nitazirudia. Akavuta mikono ya sweta lake hadi kwenye vidole, akaketi. Sweta, na feni zote zinazunguka.

Nikazirudia mwenyewe. Nilikuwa nachemka. Hata tamthilia sikuiona, wala sikukosa kitu.

Jumatano, 12 Machi

Huwezi kumwosha mtu kichwa huku umevaa sweta. Alijaribu. Likalowa, likapanda lenyewe.

Kifundo cha kulia kimevimba. Vidole vya mtu vimejichora pale, zambarau kwa kijani.

Kasema alijigonga mlangoni. Nikamuuliza, mlango gani una vidole? Akafunga bomba, akaangalia sinki. Halafu akasema, taratibu kabisa: dada, alinishika kwa sababu aliogopa nitaondoka.

Neno kwa neno! Maneno ya Bwana Koti! Ni nani aliyeyaandika maneno yale? Ningempata ningemkalisha kwenye kiti changu, nimsuke mpaka nyusi zihamie kisogoni.

Na mimi? Jana nilimfokea kwa ajili ya mkono unaouma. Msuko unabana kwa kuvuta, na kuvuta kunatoka kwenye kifundo. Miaka yote hii nasuka, ilikuwaje nisilijue hilo jana? Najichukia leo. Naichukia na ile TV.

Nilimwambia asiolewe. Akasema, dada, watu wote wanampenda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mama. Kasema kadi zimeshagawiwa, wageni wameshaalikwa. Halafu akasema hata baba yenu alikuwa na mkono mzito mwanzoni.

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mama simu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwenye kaunta. Leo siwezi kusuka tena.

Leo ni tamati ya tamthilia. Nilitaka kuizima, mdogo wangu akasema iache. Nilikuwa namsuka yeye, majaribio ya mtindo wa harusi. Kushoto mimi, kulia mimi. Amekuja, lakini habari za harusi hataki hata kuzizungumza, kichwa tu kakileta.

Bwana Koti kafika uwanja wa ndege, msichana anasafiri. Unajua nini kimefuata. Mkono! Muziki! Saluni: uuuwii! Na mimi nikaisikia shingo ya mdogo wangu ikikakamaa chini ya vidole vyangu.

Akasema, "Anaumia yule."

Mwalimu, kichwa kimejaa rola, akauliza nani.

"Msichana. Mtazameni mkono, si uso. Vidole vimebadilika rangi. Hapo haigizi."

Wote wakatazama mkono. Hakuna aliyeguna. Muuguzi alikuwa ameegemea mlango, akaja, akaupandisha mkono wa sweta wa mdogo wangu bila kumuuliza mtu, akakiangalia kifundo kwa muda mrefu. Mwalimu naye akakiona. Akaweka mkono mdomoni. Nadhani aliyakumbuka makofi yake.

Ndipo honi ikapigwa nje, ya lile gari linalong'aa.

Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, umebakiza misuko mingapi?"

Ulibaki mmoja. Nikamwambia mmoja.

Honi tena. Halafu akasema kwa sauti ya mtoto wa nyumbani kwetu, si ya bibi harusi, "Basi fumua."

Nikafumua. Wa kwanza, wa pili, nikaanza kuchanganya mistari, muuguzi akapokea upande wa kulia. Anafumua mpaka sasa. Hajui kufumua huyu, anavuta kama anatoa bandeji, na mdogo wangu hajasema hata "aa".

TV bado inaimba peke yake. Hakuna anayeitazama. Mwalimu ameburuta stuli hadi mlangoni, kaikalia kwenye kizingiti na rola zake zote, kapakata mkoba.

Honi imenyamaza. Mlango wa gari umefungwa. Sasa viatu kwenye kokoto.

Mwalimu anamwambia mtu kwamba saluni imejaa, arudi siku nyingine. Mtu anacheka. Anamwambia, "Mama, nipishe."

Naweka kalamu. Kitana cha mkia wa chuma kiko wapi?