Gari Yetu Sote

Bwiza, 12 Aprili 2025

Dada Khadidja,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Homa ya mama watoto imekwisha, magoti yangu yanalalamika kama kawaida. Mgongo wako na baridi ya Liège vinaelewanaje? Nakuandikia ujumbe badala ya kupiga simu, maana ukicheka kwenye simu hasira yangu inaisha, na leo naihitaji.

Umeniuliza: «Taju, mbona gari niliyokununulia inakula kuliko watoto?» Dada, hiyo Hiace ilifika kutoka Japani ikiwa mzee tayari, usukani uko upande usio wetu, na inakohoa tangu siku ya kwanza. Sawa, nimezoea, hata mimi nakohoa. Lakini mwezi huu haikuzeeka, imeuawa! Shangazi Fatouma alikuja na simu mkononi, akanisikilizisha sauti yako: «Mwambie Taju akupe gari, ni gari yetu sote.» Nani atabishana na sauti iliyotoka Ulaya? Akapakia wageni wa harusi, viti, sufuria za pilau na jenereta, vyote safari moja, mpaka Kanyosha na mashimo yake. Ikarudi imekalia tumbo. Resori za nyuma, vile vyuma vinavyobeba uzito, zimevunjika zote mbili. Fundi Musafiri aliingia chini ya gari, akatoka akanipa pole kama tumefiwa. Faranga laki nane, na hizo ni piesi za okazioni, zilizotolewa kwenye gari nyingine. Shangazi ameniachia harufu ya pilau kwenye viti. Pilau lenyewe sikuonja.

Na sikia: tarehe 28 naanza kubeba watoto wa shule moja ya Nyakabiga, asubuhi na mchana. Mkuu wao, Madame Prudence, amenipa nafasi hii moja. Nikiishika, gari itajilisha yenyewe. Nikiipoteza, nauza gari na kurudi kuuza chaja dukani kwa shemeji, na unajua shemeji anavyonitazama.

Mdogo wako mwenye hasira,
Tajudini


Liège, 16 Aprili

Taju wangu,

Salaam zimefika, na mgongo unakusalimu. Huku jikoni kwenye nyumba ya wazee tunamenya viazi mpaka vinaingia ndotoni.

Pole kwa resori. Lakini shangazi amenilea, nimwambieje? Mutu akiniomba kutoka mbali hivi, mdomo unasema ndiyo kabla yangu. We ndiye uko hapo, we ndiye ungekataa. Na tuseme ukweli: tangu gari ifike sijaona hata faranga moja. Usithubutu kuiuza.

Dada yako


Bwiza, 29 Aprili

Dada,

Wazima sisi, ila mimi moyo unachemka. Natumaini wewe umelala vizuri, kwa sababu mimi sikulala.

Nilikopa kwa shemeji, nikaweka resori nyingine. Jumapili binamu Twalibu akaja. Na nini? Na sauti yako! «Ni gari yetu sote, Twalibu, safari moja tu.» Safari ya saruji, Dada! Ya ukuta wake! Kwenye mlima ambriaji, hiyo klachi, ikaungua, injini inanguruma na gari inakataa kutembea. Sasa harufu ya kuungua inagombana na ile ya pilau.

Jumatatu watoto walisimama barabarani na mikoba yao mgongoni, hakuna gari. Madame Prudence hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniumiza. «Bwana Tajudini, nilikutetea mbele ya wazazi. Jumatatu ijayo, au basi.»

Nikamwendea Twalibu. Anajibu nini, huku anakunywa chai? «Apana, mi nilipewa ruhusa na mwenye gari.» Mwenye gari! Na mimi ni nani, mlinzi wake? Unagawa kutoka Liège, sifa zinakuja kwako, piesi zinakuja kwangu. Kwenye ile harusi walikuombea dua kwa jina lako kamili. Mimi nilitajwa mara moja: nisogee, nimeziba mlango.

Musafiri ameshafungua ambriaji. Nimemwachia saa yangu kama dhamana. Anajua haitembei, amenihurumia tu. Na hatua nyingine nimechukua. Usiniulize ipi, utaisikia.

Mlinzi wako,
Tajudini


Liège, 10 Mei

Tajudini,

Leo afya sikuulizi! UMEANDIKA NAMBA YANGU NYUMA YA GARI?

Fatouma amenitumia picha. Herufi nyekundu, kubwa kama za duka la kinyozi: «ANAYETAKA GARI YA BURE APIGE KWA DADA, ULAYA.» Jana mutu nisiyemjua ameniomba nimhamishie mbuzi. Leo kwaya nzima inataka kwenda kwenye msiba, na mwalimu wao akanipigia wakiwa wanafanya mazoezi, nikasikilizishwa wimbo mpaka mwisho huku viazi vinaungua. Bosi anauliza kama nimefungua kampuni.

Futa. Leo!

Khadidja


Bwiza, 12 Mei

Dada mpendwa,

Mimi leo nakuuliza: hujambo? Viazi vilipona?

Nilienda kwa Bonfils mchoraji afute. Anasema rangi ile ni ya mafuta, kufuta ni bei ileile ya kuandika. Gharama hiyo niiweke kwenye hesabu ya nani?

Lakini Jumatatu iliyopita gari ilitembea, na leo imetembea tena. Watoto wanashuka wakisema wana njaa, pilau la shangazi bado linafanya kazi. Na tangu herufi zile zikauke, hakuna jamaa aliyegonga mlango wangu. Wanasoma, wanakohoa, wanaondoka.

Dada, sema apana mara moja tu, uone ilivyo nzito. Mimi niliibeba peke yangu, bila kuisema, tangu gari ifike. Nilikuwa naogopa kumnyima mutu kitu ulichokwisha kumpa wewe. Ndiyo maana resori zilivunjika.

Mdogo wako


Liège, 8 Juni

Taju,

Eid imepita vizuri kwenu? Mimi nilikula peke yangu baada ya zamu.

Nimesema. Shangazi alitaka gari ya kuchukua mchele, siku ya shule. Nikamwambia apana. Akauliza kama Wabelgiji wamenitoa moyo wakaweka jiwe. Nikaenda kulia chooni. Sikujua ni hivyo. Apana ulizomeza wewe zilikuwa ngapi, mdogo wangu, na mimi nacheka kwenye simu?

Pesa ya resori na ambriaji nimekutumia. Usishukuru, ni mdomo wangu uliovunja. Mlipe shemeji, uchukue saa yako.

Nakuja tarehe 5 Julai, na masanduku matatu, na godoro la mgongo la kumpoza shangazi. Utakuja kunipokea na gari?

Dada yako


Bwiza, 9 Juni

Dada yangu,

Sote wazima, na Madame Prudence anataka niendelee mwaka ujao wa shule. Shemeji amelipwa, na ameniita «bosi» mbele ya wateja. Saa imerudi, bado haitembei.

Tarehe 5 Julai ni Jumamosi, watoto hawana shule, gari ipo. Ila utaratibu unaujua, umeandikwa nyuma kwa rangi ya mafuta. Piga namba ile, uombe vizuri. Mwenye namba siku hizi ni mkali.

Tajudini, mdogo wako